Si Kila Kuhara Ni Kwa Uchafu

Katika nchi zetu za Afrika Mashariki ni vigumu kutaja ugonjwa wa mtoto uliozoeleka kuliko kuhara. Kila mama aujua, kila zahanati ina dawa yake, na kila mganga amekwisha kuutibu mara nyingi hata hauhesabu tena. Mazoea hayo ndiyo yanayotutia wasiwasi. Yupo mtoto mmoja miongoni mwa wengi ambaye kuhara kwake hakukuletwa na maji machafu wala nzi, wala hakutakoma kwa vidonge vya Flagyl, naye amejificha katikati ya wenzake kama punje ya mtama katika gunia la uwele. Maoni yetu ni kwamba mtoto huyo aweza kutambuliwa, na kwamba kazi ya kumtambua huanza kwa kalamu na mizani, mbali kabisa na mashine za hospitali kubwa.

Tunazungumzia hasa upande wa magharibi ya Uganda, kati ya mji wa Mbarara na makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Makenke, palipo kambi ya jeshi karibu na Mbarara, na Nakivale, iliyo katika Wilaya ya Isingiro inayopakana na Tanzania, ni mahali pawili ambapo Kiswahili husikika kila siku katikati ya nchi ya Wanyankole. Makenke kimeletwa na askari. Nakivale kimeletwa na wakimbizi, maana ndicho kinachowawezesha Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na wengineo kuuziana unga na kusalimiana njiani. Makazi hayo yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia kwao, na leo yana watu zaidi ya laki moja. Watoto ni wengi mno. Na mahali penye watoto wengi, penye msongamano na maji ya shida, kuhara hakukosekani.

Ugonjwa tunaoutaja ni uvimbe sugu wa matumbo. Si uvimbe wa kuonekana kwa nje, bali ni wekundu na vidonda vinavyotokea katika ngozi ya ndani ya utumbo, wakati kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inapougeukia mwili wenyewe na kuendelea kupigana pasipo adui. Madaktari huugawa katika namna mbili kubwa. Ya kwanza hushika utumbo mpana peke yake na kuutia vidonda; Daktari Samuel Wilks wa London aliitaja katika maandishi yake mwaka 1859. Ya pili huitwa ugonjwa wa Crohn, kwa jina la Burrill Crohn wa New York aliyeueleza pamoja na wenzake wawili mwaka 1932. Huu waweza kushika mahali popote tangu kinywani hadi njia ya haja kubwa. Ugonjwa huu hauambukizi, wala haukuletwa na mama kwa kumlisha mwanawe hiki au kumnyima kile.

Kwa mtoto mdogo mambo ni magumu zaidi. Anayeugua kabla ya kutimiza miaka 6 huwekwa katika kundi la pekee, na aliye chini ya miaka 2 huangaliwa kwa uangalifu zaidi tena, kwa sababu miongoni mwa hao wamo waliozaliwa na kasoro katika jeni moja tu. Mwaka 2009 wataalamu walionyesha kwamba baadhi ya watoto walioanza kuugua wakiwa wachanga walikuwa na kasoro ya kurithi iliyowafanya wasiweze kupokea amri ya mwili ya kusimamisha vita. Dawa za kawaida hazikuwafaa. Wapo wa namna hiyo waliotibiwa kwa kupandikizwa uboho wa mifupa. Twaeleza haya si kwa sababu tunatarajia matibabu hayo yapatikane kesho Isingiro, bali msomaji aone kwamba umri mdogo si sababu ya kuutupilia mbali ugonjwa huu.

Kwa nini basi hautambuliwi? Sababu moja ni nzuri kwa asili yake. Wasomaji wetu wenye umri wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, wakati watu wazima wapatao milioni 2 katika Tanzania walipokusanyika katika vikundi kusikiliza redio, kusoma vitabu na kisha kwenda kuchimba vyoo. Hatuna neno la kuipinga kampeni ile. Iliokoa maisha, na mahali ambapo vyoo havijachimbwa mpaka leo yafaa irudiwe. Lakini somo lililokaa sana kichwani huweza kumziba mtu asione la pili yake. Tulifundishwa kwamba kuhara ni uchafu. Basi akihara mtoto, jicho huenda moja kwa moja kwenye mikono ya mama yake.

Sababu nyingine ilitoka kwa wataalamu wenyewe. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda tangu 1946 hadi 1966 na ambaye mwaka 1958 aliandika juu ya saratani ya taya za watoto iliyochukua jina lake, alijulikana baadaye duniani kote kwa hoja kwamba chakula chenye makapi mengi humkinga Mwafrika na maradhi mengi ya matumbo yanayowasumbua Wazungu. Hoja ile ilikuwa na nguvu, na ni kweli kwamba uvimbe sugu wa matumbo ulikuwa na bado ni nadra kwetu kuliko Ulaya. Ila wanafunzi wa hoja kubwa aghalabu huichukua hatua moja mbele ya mwalimu. Neno nadra likageuka kuwa neno hakuna. Tena ugonjwa ambao hauwezi kuthibitishwa bila ya kutazama ndani ya utumbo, katika nchi ambazo vyombo vya kutazamia vilikuwa vichache mno, ulikuwa hauna njia ya kuonekana hata kama ungekuwapo. Tangu miaka ya 1990 hesabu kutoka Asia, Amerika ya Kusini na baadhi ya nchi za Afrika zimekuwa zikipanda. Sehemu ya kupanda huko ni ugonjwa kuongezeka. Sehemu nyingine, kwa maoni yetu, ni macho kufunguliwa.

Tumchukue mtoto wa kubuni, mwenye miaka 3, katika eneo la Rubondo ndani ya Nakivale. Anaanza kuhara kamasi na damu. Mama anampeleka kituo cha afya, anapewa dawa ya kuua vijidudu, maji ya chumvi na sukari, na vidonge vya zinki. Hivyo ndivyo inavyopasa, na hapo hapana wa kulaumiwa. Anapata nafuu ya siku chache, kisha damu inarudi. Safari ya pili anakutana na mganga mwingine, maana wa kwanza yuko likizo, anapewa Flagyl. Safari ya tatu anapewa dawa ya minyoo. Mwezi wa tatu mkono wake umekuwa mwembamba, utepe wa kupimia mkono unaonyesha rangi nyekundu, anaingizwa katika mpango wa lishe na kupewa ile karanga iliyosagwa ya vifuko. Anaongezeka uzito, anatolewa katika daftari. Baada ya miezi miwili yumo tena. Sasa ndipo maneno yanapoanza: mama huyu huuza vile vifuko sokoni, mama huyu huwapa watoto wakubwa, mama huyu hanawi mikono. Kila mganga aliyemtazama alitenda sawa kwa siku ile aliyomwona. Kosa ni kwamba hapana hata mmoja aliyeziona siku zote kwa pamoja, kwa kuwa kila safari iliandikwa kwenye karatasi yake, na karatasi ya kwanza ilikwisha kulowa mvua.

Hapo pana jambo linalotuuma. Mama aliyevuka mpaka akiwa na mtoto mgongoni, akaanza maisha katika hema, anaambiwa kwamba mtoto anadhoofu kwa uzembe wake. Na njaa yenyewe inafanya shutuma hizo ziaminike upesi. Mwaka 2023 Shirika la Chakula Duniani liliwagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi kwa kadiri ya mahitaji na kuwapunguzia wengi mgao. Mwaka 2025, fedha zilipozidi kukosekana, watu wapatao milioni moja waliondolewa kabisa katika mgao huo. Watoto wengi wanapokonda kwa kukosa chakula, ni nani atamtambua yule anayekonda kwa sababu utumbo wake unavuja? Wote wanafanana mbele ya utepe.

Hawafanani, hata hivyo, mbele ya daftari. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani husema kwamba kuhara kwa siku 14 au zaidi si kuhara kwa kawaida tena, na kwamba mtoto huyo atazamwe upya. Twaona kanuni hiyo itoshe kuwa kengele, mradi siku zihesabiwe. Mtoto ambaye damu imerudi baada ya dawa kumalizwa sawasawa, au aliyeingia mpango wa lishe mara ya pili bila ya sababu kuonekana, huyo asipewe dawa ya tatu ya kubahatisha. Apelekwe mbele. Pamoja na siku, upimwe urefu. Katika vituo vyetu uzito hupimwa, mkono hupimwa, lakini urefu huachwa kwa sababu mtoto hulia na ubao huwa umevunjika. Kumbe ni urefu unaosema habari za muda mrefu. Uzito hupanda na kushuka kwa juma moja. Mtoto ambaye urefu wake umesimama mwaka mzima, hali ndugu zake wanaokula chungu kimoja naye wanarefuka, ametoa ushahidi ambao hauhitaji umeme.

Na atazamwe mwili wote. Mganga amvue nguo aone kama pembeni mwa njia ya haja kubwa pana mpasuko, kinyama kilichoota au tundu linalotoa usaha. Wengi huona haya, na haya hiyo imewagharimu watoto wengi. Aangalie vidonda vya kinywani vinavyorudi-rudi, viungo vilivyovimba, macho mekundu, ncha za vidole zilizovimba. Aulize kama mtoto huamka usiku kwa ajili ya choo, maana mtoto anayeamshwa na tumbo usingizini ana jambo. Aulize pia kama yuko ndugu aliyekufa mchanga kwa kuhara au kwa maambukizi yasiyokwisha, na kama wazazi ni jamaa wa damu, kwa kuwa zile kasoro za kurithi tulizozitaja hutokea zaidi hapo. Swali hilo liulizwe kwa adabu, na mlango umefungwa.

Tahadhari moja haingoji siku 14. Mtoto mchanga anayelia kwa vipindi, anatapika, kisha anatoa damu iliyochanganyika na kamasi, huenda utumbo wake umejiingiza ndani ya wenyewe. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Na mtoto anyonyaye mwenye mistari ya damu chooni ilhali anastawi, mara nyingi ni maziwa ya ng'ombe yanayomkataa, pengine yale anayokunywa mama yake. Asiachishwe ziwa kabla ya daktari kushauriwa.

Sasa twende Mbarara, kiasi cha kilomita 60 kutoka Nakivale. Pana Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambayo ndiyo inayofundishia madaktari wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilichoanzishwa mwaka 1989. Daktari anayempokea mtoto huyu hana haki ya kutaja ugonjwa wa Crohn kwanza. Kazi yake ya kwanza ni kuwaondoa wanaofanana nao, na katika nchi zetu wanaofanana ni wengi kuliko Ulaya: amiba, shigela, kichocho cha matumbo kwa waliokaa kando ya maziwa makubwa, minyoo aina ya mjeledi ambayo ikiwa mingi huleta damu na kumdumaza mtoto, virusi vya UKIMWI, na zaidi ya yote kifua kikuu cha matumbo. Hiki cha mwisho humhadaa hata bingwa, kwani chaweza kuchimba vidonda mahali pale pale na kutoa vivimbe vinavyofanana chini ya darubini.

Kuwapambanua si ubishi wa vitabuni. Dawa ya kwanza ya kutuliza uvimbe sugu ni ya jamii ya steroidi, kama prednisoloni, ambayo ni rahisi kwa bei na hupatikana hata katika maduka ya dawa ya barabarani. Mpe mtoto mwenye kifua kikuu, nacho kitatapakaa mwilini. Mpe mwenye amiba, na utumbo waweza kutoboka. Kwa hiyo yeyote anayesoma makala haya na kudhani kwamba ameujua ugonjwa wa mwanawe, tunamsihi asikimbilie duka la dawa. Kwa upande mwingine, mahali ambapo kifua kikuu hakiwezi kukanushwa, madaktari wengi huanza kutibu hicho na kungoja. Ni busara, ila kungoja huko kuwe na tarehe. Mtoto aliyemeza dawa za kifua kikuu miezi miwili sawasawa na hali damu ingali inatoka, asiachwe amalize miezi yote kwa matumaini tu. Shauri lake lifunguliwe upya.

Katika vipimo kuna mambo madogo yanayoharibu makubwa. Amiba aliye hai huonekana katika choo kibichi, kilichotazamwa ndani ya nusu saa hivi. Choo kilichosafirishwa kutoka Nakivale hadi Mbarara katika kichupa, juani, hakina la kusema. Kitazamwe pale pale kituoni, na jibu ndilo lisafiri. Kipimo cha kalprotektini, kinachoonyesha kama utumbo una uvimbe, kinasifiwa sana siku hizi, nasi twakiheshimu. Lakini kwa mtoto mdogo sana huwa juu hata akiwa mzima, na maambukizi huweza kukipandisha. Hesabu ya damu ni ya bei nafuu zaidi: damu iliyopungua, chembe za kugandisha damu zilizozidi, albumini iliyoshuka. Hakuna kimoja kati ya hivyo kinachotoa hukumu. Hukumu hutolewa na endoskopi, yaani mpira wenye kamera unaoingizwa tumboni, na vinyofu vya nyama vinavyochukuliwa humo kwenda kusomwa chini ya darubini.

Na hapa ndipo safari ya watoto wengi inapokatikia. Mpira wa mtu mzima haumfai kila mtoto. Mtoto lazima alazwe kwa nusukaputi, na anayelaza awe amezoea watoto. Vinyofu vyataka msomaji mzoefu, maana akiona kivimbe akaandika kifua kikuu kwa mazoea, safari yote imekuwa bure. Hatutaki kusikia kwamba mashine imenunuliwa, ikapigwa picha, ikafungiwa kabatini kwa kukosa mtu wa kulaza. Tunataka watu watatu wafundishwe pamoja: mwenye mpira, mwenye usingizi na mwenye darubini. Magharibi ya Uganda ikiwa na watu hao katika Mbarara, mtoto wa Isingiro hana haja ya kuvuka mpaka Mulago.

Watakuwapo watakaotujibu kwamba malaria na nimonia vinaua watoto wengi zaidi, na kwamba fedha ziende huko. Hatubishi juu ya hesabu. Tunauliza tu ni fedha gani zilizotumika kwa mtoto wetu wa kubuni: dawa za vijidudu mara tano, mpango wa lishe mara mbili, safari kumi za mama. Ubao wa urefu na daftari lisilopotea ni rahisi kuliko hivyo. Wala si kweli kwamba akishatambuliwa hakuna la kumfanyia. Sulfasalazini imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Mtoto mwenye ugonjwa wa Crohn aweza kutulizwa kwa kulishwa maziwa maalumu peke yake kwa majuma 6 hadi 8, bila ya steroidi. Maziwa hayo ni ghali kwetu, na hilo ndilo la kupigania. Dawa mpya za sindano, tunakiri, ziko mbali na mfuko wa mkimbizi na wa mwenyeji vilevile.

Baadhi ya familia za Nakivale huhamishiwa nchi za mbali, Kanada ikiwamo. Utafiti wa jimbo la Ontario uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kadiri mhamiaji alivyofika huko akiwa mdogo ndivyo uwezekano wa kupata uvimbe sugu wa matumbo ulivyokuwa mkubwa. Maana yake ni kwamba damu yetu haina kinga ya pekee. Ni jambo la kusikitisha kufikiri kwamba mtoto aliyeugua hapa aweza kungoja mpaka avuke bahari ndipo apimwe.

Limebaki la lugha. Uganda ilikubali Kiswahili katika Katiba yake kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaazimia kukitekeleza. Hapa pana mahali pa kuanzia. Mama Mkongo husema mtoto anaharisha, Msomali hutafuta mkalimani, na mganga Mnyankole huandika kwa Kiingereza neno moja linalofuta yote: kuhara. Kadi ya mtoto ichapwe kwa Kiswahili pia, katika vituo vya Nakivale na katika zahanati zinazowahudumia jamaa za askari wa Makenke. Iwe na mahali pa kuandika tarehe ya siku ya kwanza damu ilipoonekana, mahali pa kuandika urefu kila miezi mitatu, na majina ya dawa zilizokwisha kutolewa. Iwekwe ndani ya mfuko wa nailoni, na mama aambiwe kwamba ni mali yake, asiiache kituoni hata akidaiwa.

Ada za matibabu katika vituo na wodi za kawaida za serikali ziliondolewa Uganda mwaka 2001. Nauli haikuondolewa. Mtoto aliyeandikiwa rufaa apande gari la wagonjwa linalokwenda Mbarara, na mama yake, siku akiwa huko, asikatwe katika orodha ya mgao kwa kutoonekana.